Eksli ya Kushoto

Nati ya eksli ya Corolla ya baba inataka boksi spana namba 30. Sikulijua hilo. Nilinunua ya 27, haikuingia. Nikarudi dukani nikachukua ya 32, ikawa inacheza. Mdogo wangu alikuwa ameegemea mlango wa nyuma akinitazama ninavyohangaika, na nilipochuchumaa mara ya tatu mbele ya tairi akasema, "Ni 30, dada." Ukiondoa shikamoo ya asubuhi, hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu siku ile.

Hatukuwa tumegombana hadharani. Kwetu Tanga watu wanajua kununiana kistaarabu. Simu inapokelewa, salamu zinafika, futari inaliwa kwenye mkeka mmoja, na chini ya yote hayo hakuna mazungumzo. Tulikuwa tumeishi hivyo mwaka mmoja na miezi miwili. Muda huohuo gari lilikuwa limesimama nyuma ya nyumba, chini ya mwarobaini, likipigwa na upepo wa bahari, kusi ukitoka kaskazi ikaingia. Majani yalikuwa yamejaa kwenye vifuta kioo na paka alikuwa amezalia chini ya injini.

Lilisimama kwa sababu ufunguo nilikuwa nao mimi, Dar es Salaam.

Baba alikuwa fundi wa karakana kwenye shamba la mkonge. Kazi yake kubwa ilikuwa korona, mashine inayoponda majani ya mkonge na kuacha singa. Maji ya mkonge yana asidi. Yanawasha ngozi na yanakula chuma, kwa hiyo fundi wa korona anaishi akipigana na kutu. Alipostaafu alichukua kiinua mgongo chake akanunua Corolla 110 nyeupe, akaipaka grisi mahali ambapo sikujua gari lina mahali. Kila Ijumaa baada ya sala alikuwa chini yake na kopo na mswaki wa zamani.

Alipougua, mdogo wangu ndiye aliyekuwa nyumbani. Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza wa umahiri, Mlimani, naja kila nikipata nauli. Yeye alilichukua gari, akatoa kiti cha nyuma, akawa anabeba samaki alfajiri kutoka Deep Sea kwenda sokoni. Nilipokuja nikakuta gari linanuka samaki na baba amelala chumbani hawezi kutoka kwenda kuliona, nikaumia. Nikaanza kupiga hesabu kichwani: ndoo ngapi, safari ngapi, hela ngapi kwa siku. Hesabu zangu zilinipa hela nyingi, na hela hizo sikuziona nyumbani.

Baba alifariki. Siku ya pili baada ya arobaini, kabla sijapanda basi, niliutoa ufunguo kwenye msumari wa mlangoni nikautia kwenye pochi. Nilimwambia baba mdogo, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi, kwamba nitaurudisha mambo yakiisha. Nilijua fungu la mdogo wangu ni mawili na langu moja. Nilijua pia kwamba gari lililosimama halileti hela kwa yeyote. Sikumwambia mtu nimekasirika. Nilisema nasubiri.

Aliyenirudisha ni mama. Ana sukari, na kliniki yake ni Bombo kila mwezi. Alinipigia simu mwezi wa sita akasema, bila kupandisha sauti, "Mwanangu, mimi gari sitaki kuligawana. Mimi nataka kupelekwa kliniki." Wiki ile nilikuwa kwenye basi, Chalinze, Segera, Muheza, ufunguo uko kwenye mfuko wa suruali.

Tulilipata likiwaka kwa betri ya kuazima. Lakini tulipokata kona kutoka uani, upande wa kushoto wa mbele ulilia, ta-ta-ta-ta, kama mtu anayevunja karanga. Mdogo wangu akainama akachungulia. Mpira unaofunika kiungo cha nje cha eksli ulikuwa umechanika, grisi yote imetoka, mchanga umeingia. Alisema ulichanika tangu zamani za samaki na alikuwa anangoja apate hela ya kuubadilisha. Fundi wa barabarani akatutajia bei ambayo hatukuwa nayo. Mdogo wangu akapata eksli ya mtumba kwa shilingi 60,000. Tukabaki sisi wawili, yutyubu, na sanduku la spana za baba.

Kwa asiyewahi kuiona, eksli ya gari la namna hii ni mhimili unaotoa nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka gurudumuni. Ncha yake ya nje ina meno madogo yaliyoizunguka, na meno hayo yanaingia kwenye mifereji ya habu, kile kitovu cha chuma ambacho tairi hufungwa. Nati kubwa inakaa mwishoni kuishikilia. Kwenye gari linalotunzwa, ukishafungua nati na kuachanisha boli jointi, unaisukuma eksli kwa kiganja, unaigonga kidogo, inatoka.

Nati yenyewe huwezi kuifungua peke yako. Ukikaza spana, gurudumu linazunguka nayo. Lazima tairi likae chini na mtu mwingine akanyage breki. Injini ikiwa imezimwa pedali inakuwa ngumu, kwa hiyo mdogo wangu aliikanyaga kwa miguu yote miwili huku ameshika usukani. Mimi niliingiza bomba la maji la futi nne kwenye mkono wa spana, nikalining'inia. "Umekanyaga?" "Nimekanyaga." "Kanyaga hasa!" "Nimekanyaga, dada!" Nati ikalia, ikaachia. Nilijikuta nacheka. Yeye hakucheka, lakini alitoa kichwa nje ya dirisha kuangalia.

Tukapandisha gari kwa jeki, tukaweka magogo mawili chini ya bodi kwa sababu jeki si ya kuaminiwa na mtu aliye chini. Tukatoa tairi, tukaning'iniza kalipa ya breki kwa waya ili isivute mpira wake, tukaachanisha boli jointi. Mdogo wangu akavuta habu nje. Nikasukuma eksli kwa kiganja.

Ilikuwa kama kusukuma nyumba.

Kutu haipunguzi chuma tu, inakivimbisha. Inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Kati ya meno ya eksli na mifereji ya habu nafasi ni ndogo mno, na unyevu wa chumvi ulipoingia pale na kukaa miezi yote ile bila gurudumu kuzunguka, kutu iliota ikajaza kila pengo mpaka vyuma viwili vikawa kama kimoja. Tulimwagia mafuta mara moja. Kisha tukachukua nyundo.

Alianza yeye, nikapokea mimi. Tulipiga tangu saa nne asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Sitasema uongo: mapigo yale yalikuwa na mambo mengi ndani yake. Nilikuwa napiga samaki, napiga fungu moja na mafungu mawili, napiga safari zote za basi nilizokuja nikamkuta baba amepungua. Sijui yeye alikuwa anapiga nini. Tulipoacha, ncha ya eksli ilikuwa imefumuka kama uyoga, nyuzi za kufungia nati zimelala, na eksli haijasogea hata unene wa ukucha.

Alasiri akapita mzee mmoja, rafiki wa baba wa karakana. Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimemhoji kwa ajili ya tasnifu yangu. Nasoma historia, na ninaandika juu ya mafundi wa karakana za mkonge mkoani Tanga, watu walioendesha mashine za zao lililoletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, na ambalo baadaye liliifanya Tanganyika ijulikane duniani. Vitabu vinataja wenye mashamba, bei na tani. Nilitaka kuandika juu ya waliokuwa wameshika spana. Na hapo mbele ya mzee wangu nilisimama na nyundo kama mtoto aliyekutwa na kikombe kilichovunjika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu." Akainama, akapitisha kidole kwenye ule uyoga. "Mmepiga mara ngapi?"

"Nyingi."

"Na mafuta mmemwagia mara ngapi?"

"Mara moja."

"Basi mmegeuza kazi," akasema. "Hiyo ya mara moja ndiyo ilikuwa ya mara nyingi."

Mdogo wangu akajitetea kwamba eksli ile ni ya kutupwa, hata ikiharibika si hasara. Mzee akamuuliza, "Kichwa kimeshavimba, kitapitaje kwenye tundu la habu? Na beringi iliyo ndani ya hiyo habu, nayo unaitupa? Kila nyundo uliyopiga imeipokea." Mdogo wangu akasema basi tulete mtungi wa gesi tuichome. Mzee akatikisa kichwa: beringi ina grisi na mipira yake, moto ukiizidi umeiua.

Akaomba mafuta ya taa na haidroliki kidogo, yale mafuta mekundu ya usukani. Akachanganya kwenye kopo. Akaniambia nisimwage, nidondoshe, tone kwa tone, kuzunguka pale meno yanapoingia, mbele na nyuma. Kisha nigonge habu pembeni kwa nyundo ndogo, nikiizunguka, si kwa nguvu, ni kama kubisha hodi. Kisha niache. Baada ya saa mbili nirudie. Magharibi nirudie. Kabla ya kulala nirudie. Alfajiri nirudie.

"Mafuta yanaingia yenyewe," alisema, "lakini yanaingia pole pole kama maji yanavyopanda kwenye utambi. Kila ukibisha, kutu inapata ufa mdogo, mafuta yanasogea. Ukipiga sana hupati ufa, unapata uyoga. Subira, mwanangu."

Neno hilo lilinichoma. Katika mahojiano yangu yote wazee walilitaja. Ukiuliza ufundi ni nini, wanasema subira. Mimi nililiweka sura ya nne, chini ya kichwa "maadili ya kazi", karibu na uaminifu na kuwahi kazini. Pembeni yake msimamizi wangu aliandika kwa kalamu nyekundu: "Wanamaanisha nini hasa?" Niliona anasumbua. Kila Mswahili anajua subira ni nini. Subira huvuta heri. Unakaa, unavumilia, heri inakuja.

Ile jioni, nikiwa nimeshika kopo, nilianza kuona kwamba wazee hawakuwa wananiambia juu ya tabia njema. Walikuwa wananiambia namna ya kufanya kazi. Subira ya fundi ina saa zake, ina tone na nyundo ndogo, ina kuamka alfajiri. Fundi anaposubiri, kuna kitu anakifanya kila baada ya muda, halafu anakiacha kitu hicho kifanye sehemu yake. Kukaa bila kufanya kitu, huko baba alikuwa na jina lake. Alikuita kutelekeza.

Nami nilikuwa nimekaa mwaka mmoja na miezi miwili nikiita subira.

Saa nne usiku nilitoka na tochi ya simu. Mdogo wangu alikuwa tayari pale, amekaa juu ya tairi. Nikadondosha mafuta, yeye akagonga. Tulipomaliza hakuna aliyeondoka.

"Zile hela za samaki," nikasema.

Alikaa kimya kidogo. "Ulizihesabu?"

"Nilikisia."

"Nyingine nilimpa mama. Nyingine zilikwenda kwenye dawa za baba na petroli. Nyingine nilikula, dada. Nilikuwa naamka saa tisa usiku kila siku, nikirudi namgeuza baba, namwogesha. Nilikula."

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza. Ulichukua ufunguo."

Nilimwambia kwamba ufunguo nilikuwa nauweka kwenye kopo la kalamu, mezani, hosteli. Kila nikikaa kuandika nilikuwa nauona. Nilimwambia nilikuwa nasubiri haki itendeke, na nilipolisema neno hilo kwa sauti, pale gizani, lilikuwa jepesi kuliko lilivyokuwa Dar es Salaam.

"Mama anapanda bajaji," akasema. "Siku za mvua anakosa kliniki. Amekosa mara mbili."

Sikuwa na la kujibu. Niliwasha tena tochi, nikaongeza matone kadhaa ingawa saa haijafika.

Siku ya pili tulifanya hivyohivyo, mara tano. Katikati ya zamu, mdogo wangu alichukua tupa akalisugua lile uyoga mpaka kichwa kikarudi wembamba wa kupita tunduni. Mzee alituchorea kifaa kwenye karatasi ya unga wa ngano, tukaenda nacho kwa mchomeleaji: kipande cha bamba nene, matundu manne kulingana na stadi nne za tairi, katikati nati imechomelewa, na bolti ndefu inayopita humo. Bamba linafungwa kwenye habu, bolti inakazwa, inaisukuma eksli kwa ndani bila kupigwa nyundo. Mafundi wenye hela wanacho cha dukani.

Siku ya tatu, baada ya kifungua kinywa, mzee alikuja akaketi kwenye kiti cha plastiki. Mama naye akatoka na kikombe chake cha chai isiyo na sukari. Tukafunga bamba. Nilikaza bolti mpaka ikashika, nikaongeza robo mzunguko. Mdogo wangu akabisha hodi kuizunguka habu. Tukangoja. Nikaongeza robo nyingine. Akabisha. Tukangoja. Mikono ilikuwa inaniwasha kutaka kumalizia kwa nguvu, na kila mara mzee alikuwa anasema neno moja tu, "Acha."

Robo ya sita au ya saba, ikasikika "ko", sauti ndogo na kavu kama kiungo cha kidole. Nilidhani bolti imekatika. Mzee akanyanyuka kitini. "Imeitika hiyo," akasema.

Nikazungusha tena, na safari hii spana ilikwenda bila kunibishia. Vumbi la kahawia lililochanganyika na mafuta likatoka pembezoni. Mdogo wangu akavuta habu nje kwa mikono miwili, na eksli ikateleza kutoka ndani yake. Mama akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ileile anayoitumia umeme ukirudi.

Nilikuwa nataka kuirusha. Mzee akaniambia niitazame kwanza. Meno yalikuwa na kutu nusu ya urefu wake; nusu ya ndani bado iling'aa, na kati ya meno mawili nikaona mstari mwembamba wa grisi ya zamani, imekauka, nyeusi. Ilikuwa ya baba. Hakuna mwingine ambaye angepaka grisi pale.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndefu lakini nyepesi. Tuliichokonoa ncha ya ndani itoke kwenye giaboksi, oili ikatumwagikia, tukaiongeza baadaye. Tulisafisha mifereji ya habu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikaonekana. Tukaizungusha habu kwa mkono kusikiliza beringi. Inavuma kidogo, nasi tunajua sababu. Itabadilishwa hela ikipatikana. Kabla ya kuingiza eksli ya mtumba nilipaka grisi kwenye meno, safu nyembamba, kwa mswaki. Tukashusha gari. Mdogo wangu akakanyaga breki kwa miguu miwili, nami nikalining'inia bomba kukaza nati.

"Umekanyaga?"

"Nimekanyaga, dada."

Alhamisi ilikuwa kliniki. Aliendesha yeye, mama akakaa mbele, mimi nyuma kwenye kiti ambacho alikuwa amekirudisha usiku wa kuamkia siku hiyo bila kuniambia. Kwenye kona ya kuingia Bombo wote watatu tulinyamaza kusikiliza. Gari halikulia. Lilinuka samaki kidogo.

Mirathi haijaisha. Mafungu ni yaleyale, na nina maneno yangu ya kumwambia baba mdogo, nitayasema tukikaa kikao, mdomoni mwangu. Sura ya nne nimeifumua; subira nimeitoa kwenye maadili nimeipeleka kwenye sehemu ya zana na mbinu za kazi. Msimamizi bado hajaisoma.

Siku ya kuondoka, mdogo wangu alibeba begi langu mpaka kwenye bajaji. Nilirudi ndani mara moja, nikautundika ufunguo kwenye msumari wa mlangoni. Msumari nao ulikuwa umeanza kutu. Nilichovya kidole kwenye kopo la grisi la baba, nikaupaka.